Dada Niliyemwita Mbaruti



Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome Mathayo sura ya 7, mstari wa 1 hadi wa 5, halafu ruka mpaka wa 15 hadi wa 20. Soma taratibu, mimi nakusubiri.

Umerudi? Haya. Leo nataka tuongee kuhusu jina la ua la porini. Usicheke. Hilo jina nililitumia vibaya, likamtoa mtu kwenye kikundi chetu cha vijana, na mpaka leo nalipa deni lake.

Mbaruti ni nini?

Nimekulia nje kidogo ya mji wa Dodoma. Bibi yangu alikuwa na shamba dogo la zabibu, na sisi wajukuu ndio tulikuwa wapalizi wake. Wengi mnajua kwamba zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wanaosifia hilo huwa hawakuambii kwamba na magugu nayo hayapumziki. Moja ya magugu hayo ni mbaruti.

Hata kama hujui jina lake, lazima umewahi kuuona mmea wenyewe kando ya barabara, kwenye makorongo au kwenye mashamba yaliyoachwa. Unaweza kufika usawa wa kiuno. Majani yake ni ya kijani kama kilichopakwa majivu, yana mistari myeupe, na kila ncha ya jani ina mwiba. Shina lina miiba, hata kitumba cha mbegu kina miiba. Ukilikata shina linatoa utomvu wa njano. Halafu juu ya miiba yote hiyo linakaa ua moja la njano, laini kama karatasi nyembamba, zuri kweli kweli. Nilipokuwa mdogo nililipenda ua hilo, nikanyoosha mkono kulichuma. Mara moja tu, sikurudia.

Kitumba kikikauka kinapasuka juu, na ndani kuna mbegu ndogo nyeusi za mviringo, nyingi mno, utadhani mtu kamwaga punje za baruti. Neno baruti lenyewe limo ndani ya jina: m-baruti. Bibi alikuwa anatuhimiza tuung'oe kabla vitumba havijapasuka, la sivyo mwaka unaofuata tutakuwa na shamba la mibaruti lenye zabibu kidogo.

Sasa, mmea huu haukuzaliwa kwetu. Wataalamu wanauita *Argemone mexicana*, na hilo jina la pili linakuambia ulikotoka: upande wa Mexico, kule Amerika. Ni wa jamii moja na ule mmea unaotoa afyuni. Ulisambaa duniani baada ya meli kuanza kuvuka Bahari ya Atlantiki, yaani karne nyingi baada ya Bwana wetu kutembea Galilaya. Kwa hiyo Yesu mwenyewe hakuwahi kuuona mbaruti.

Lakini fungua Mathayo 7:16 katika Biblia ya tafsiri ya Muungano. Yesu anauliza kama kuna watu wanaopata zabibu kwenye miiba au tini kwenye nini? Kwenye *mibaruti*. Imeandikwa hivyo hivyo. Katika Kigiriki cha Injili neno lililopo ni *tribolos*, maana yake kitu chenye ncha tatu. Wagiriki walilitumia kwa mimea ya miiba, na pia kwa vile vyuma vyenye ncha ambavyo askari walivimwaga njiani ili kuumiza farasi wa adui. Wataalamu wa mimea walilichukua neno hilo hilo wakaupa jina mmea mwingine tunaoujua vizuri, ule ambao sisi tunauita mbigili. Kama umewahi kutembea Dodoma na kandambili laini, mbigili huhitaji kufundishwa.

Waliotafsiri walitaka mkulima wa Kiswahili asikie mwiba anaoujua, akumbuke jembe lake na jasho lake. Na mimi nilimwelewa Yesu hapo hapo, maana nilikuwa nasoma mstari ule huku nina zabibu upande mmoja na mibaruti upande wa pili.

Nilimwelewa, ndiyo. Ila nilimwelewa vibaya.

Jinsi nilivyolitumia hilo jina

Miaka michache iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi cha vijana parokiani. Tulikuwa tunachangishana kwa ajili ya hija. Michango ilipitia kwenye simu yangu, halafu mimi namkabidhi mweka hazina. Mweka hazina wetu alikuwa dada mmoja mkali. Hatabasamu bila sababu, hacheki ili kumfurahisha mtu. Ukimwambia "nitaleta kesho," anaandika kwenye daftari lake: *kesho*. Na kesho ikifika anakuuliza.

Mwezi mmoja kodi ya chumba ilinibana. Mwenye nyumba amesimama mlangoni, na kwenye simu kuna shilingi 180,000 za hija. Nikajiambia naazima tu, mwisho wa mwezi narudisha. Si unajua maneno ambayo mtu anajiambia mwenyewe? Mwisho wa mwezi ukaja, sikurudisha. Ukaja mwingine.

Dada akaanza kuuliza. Mara ya kwanza aliniuliza pembeni, kwa heshima kabisa. "Kaka, naona hesabu ya simu na ya daftari hazilingani, naomba tukae tuangalie." Nikamwambia nina haraka. Mara ya pili akauliza tena. Mara ya tatu akauliza kwenye kikao, mbele ya wote.

Mimi ni mtu wa maneno, vijana wenzangu. Naimba, nachekesha, naongoza sala ya ufunguzi watu wakafumba macho kwa raha. Basi nikacheka, nikasema, "Jamani, Injili ya juzi mmeisikia? Zabibu hazichumwi kwenye mibaruti. Huyu dada yetu ni mbaruti, kila ukimgusa unachomwa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kikao kikahamia kwenye ajenda nyingine. Hesabu hazikuangaliwa.

Jioni ile ile kwenye kundi letu la simu mtu akaweka picha ya ua la mbaruti bila maneno yoyote. Watu wakacheka tena. Toka siku hiyo ikawa "Dada Mbaruti amefika," "mwacheni Mbaruti apite." Baada ya wiki kadhaa akaleta daftari, akaliweka mezani, akasema anaomba kupumzika uongozi. Hakuonekana tena Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine.

Na mimi nilijisikia nafuu. Hapo ndipo ninapoona aibu zaidi. Sikujisikia vibaya, nilijisikia nafuu.

Mbegu inayofanana na haradali

Kuna jambo kuhusu mbaruti ambalo Bibi hakuwa analijua, mimi nilikuja kulisoma baadaye. Zile mbegu zake ndogo nyeusi zinafanana sana na mbegu za haradali. Kule India watu wengi hupikia mafuta ya haradali. Mbegu za mbaruti zikichanganyika na za haradali, au mafuta yake yakitiwa kwenye mafuta ya haradali, mlaji hawezi kujua kwa kutazama tu. Mwaka 1998 jambo hilo lilitokea katika jiji la Delhi. Miguu ya watu ikavimba, mioyo ikashindwa kufanya kazi, maelfu wakaugua, na zaidi ya watu 60 wakafa.

Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Miiba ya mbaruti haijawaua watu wale. Mwiba unakuonya kabla hujashika sana. Ukichomwa, unatoa mkono. Kilichowaua ni ile mbegu laini isiyo na mwiba, iliyojificha katikati ya mbegu njema na kuingia jikoni kwa jina la haradali.

Sasa rudi kwenye Mathayo 7:15, mstari mmoja kabla ya mibaruti. Yesu anawaonya wanafunzi wake juu ya nani? Juu ya manabii wa uongo wanaokuja wakiwa wamevaa ngozi ya kondoo, kumbe ndani ni mbwamwitu. Hakuwa anawaonya juu ya watu wakali wa sura. Alikuwa anawaonya juu ya watu laini. Watu wa maneno matamu, wenye sala nzuri za ufunguzi. Na dawa aliyowapa ilikuwa moja: tazameni matunda.

Basi tutazame matunda. Dada yule alizaa nini? Daftari safi, kila shilingi na jina la aliyeitoa. Mimi nilizaa nini? Pengo la shilingi 180,000, na kiti kitupu kanisani.

Katika ukumbi ule mbaruti alikuwepo kweli. Ila alikuwa amesimama mbele akichekesha watu.

Jicho langu

Nikaona pia kitu kingine. Mahubiri ni yale yale, sura ni ile ile ya 7, mibaruti iko mstari wa 16, lakini sura inaanza na nini? Inaanza na Yesu akikataza kuhukumu. Mstari wa 3 ni yule mtu anayeona kibanzi kwenye jicho la ndugu yake wakati jichoni kwake kuna boriti.

Lile jina la kitaalamu, *Argemone*, limetokana na neno la Kigiriki linalomaanisha doa jeupe kwenye jicho, kwa sababu watu wa kale walikuwa na mmea wa jina hilo walioutumia kutibu macho. (Tafadhali, msiende kujaribu utomvu wa mbaruti machoni. Una sumu.) Yaani nilichukua jina la mmea nikamrushia dada wa watu, na ndani ya jina lenyewe kulikuwa na habari ya jicho bovu. La kwangu.

Kama na wewe unaupenda mstari wa "mtawatambua kwa matunda yao," nakuomba usiusome bila kupitia kwanza mlango wa mstari wa kwanza.

Jina halirudishwi kwa bahasha

Ilikuwa Kwaresima nilipokwenda kuungama. Nasimulia la kwangu mwenyewe. Padre yeye amefungwa na siri ya kitubio, mimi sijafungwa. Nikaungama ile fedha kwa machozi. Halafu mwishoni, kwa haraka, nikaongeza, "na nilimtania mtu mmoja."

Padre akaniuliza, "Utani gani?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, fedha utairudisha, na ni lazima uirudishe. Hata kidogo kidogo, lakini yote. Lakini jina la huyo dada je? Utalirudisha na nini? Jina haliwekwi kwenye bahasha."

Vijana, sisi tunajua vizuri amri ya saba, usiibe. Amri ya nane tunaipita tukikimbia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inataja dhambi dhidi ya sifa njema ya mtu: kumhukumu bila msingi, kufichua makosa yake bila sababu ya haki, na kumsingizia. Na namba 2487 inafundisha kwamba aliyekosa dhidi ya haki na ukweli ana wajibu wa kufidia, hata kama ameshasamehewa. Kusamehewa hakufuti wajibu huo. Aliyeiba kuku anarudisha kuku. Aliyeiba jina la mtu anatakiwa kulirudisha, na kulirudisha kunauma kuliko kuku.

Fedha nilimaliza kurudisha baada ya miezi minne. Nikaenda nyumbani kwa yule dada. Alinikuta nimesimama nje, akasema, "Karibu, kaka." Akanipa kigoda. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Fedha nimesikia umerudisha, Mungu akubariki. Lakini juzi sokoni mtoto wa jirani kaniita Mbaruti. Hata hajui maana yake. Amesikia tu watu wanaita hivyo."

Sikuwa na jibu. Mbegu zilikuwa zimeshapasuka kutoka kwenye kitumba.

Jumapili iliyofuata nikaomba nafasi kwenye kikao cha vijana. Nikasema yote, na kiasi cha fedha nikakitaja. Nikasema kwamba dada yetu aliuliza swali la haki, na mimi kwa kukwepa swali nikampa jina. Hapakuwa na kicheko siku hiyo. Wengine hawajaniamini tena na fedha mpaka leo, na wana haki. Niliacha ukatibu.

Dada hakurudi kwenye kikundi chetu. Anasali kigango kingine, anaimba kwaya huko. Tukikutana tunasalimiana. Ningependa kuwaambia kwamba tumekuwa marafiki, lakini nitakuwa nadanganya. Ninachojua ni kwamba kila ninapomsikia mtu akilitamka lile jina, nasimama namsahihisha, na namwambia nani alilianzisha na kwa nini. Hiyo ndiyo palizi yangu. Naishika chini, karibu na mizizi, kama Bibi alivyotufundisha.

Zabibu kutoka kwenye miiba

Je, mimi niliyezaa miiba nina tumaini? Hili swali lilinisumbua, maana Yesu anasema mti mbaya hauzai matunda mema.

Jibu nililipata Ijumaa Kuu. Kitabu cha Mwanzo 3:18 kinasema kwamba baada ya Adamu kukosa, ardhi itamzalia miiba. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki, maneno mawili ya miiba yaliyopo pale ndiyo yale yale mawili yaliyopo kwenye Mathayo 7:16. Na lile la kwanza, neno la miiba, linarudi tena kwenye Mathayo 27:29, pale askari wanaposokota taji na kumvika Yesu kichwani. Yaani mazao ya dhambi yetu, yale magugu ya shamba la Adamu, Bwana aliyavaa.

Na yeye ndiye mzabibu wa kweli, Yohane 15:1. Sasa tazama msalaba. Watu hawachumi zabibu kwenye miiba, hiyo ni kweli, kwa nguvu zetu haiwezekani. Lakini pale Kalvari mzabibu wenyewe ulikubali kufungwa na miiba, na Damu ikatoka. Padre anapoinua kalisi, mimi mtoto wa shamba la zabibu nakumbuka magugu yote niliyong'oa na yale niliyopanda, na naona kwamba Mungu ameweza lile ambalo mkulima hawezi.

Mti mbaya hauzai tunda jema. Lakini Kristo anaweza kuupandikiza mti. Kitubio ni kisu chake cha kupandikizia, na kisu kinauma. Usikikimbie.

Kwa wiki hii

Nakuachia mambo matatu, madogo lakini ya kweli.

Kwanza, kumbuka jina la utani ulilowahi kumpa mtu likabaki. Jiulize lilianza kwa sababu gani. Je, lilikuwa la upendo, au ulikuwa unajificha nyuma yake?

Pili, kama kuna mtu mkali kwenye jumuiya yenu, kabla hujalalamikia miiba yake, tazama kazi ya mikono yake mwezi mzima. Huenda yeye ndiye anayelinda kitu ambacho wengine wanakila.

Tatu, kama ulimharibia mtu jina mbele ya watu kumi, usimwombe msamaha pembeni tu ukaona yameisha. Warudie wale kumi.

Tusali.

*Ee Bwana Yesu, uliyevaa miiba yetu kichwani pako, utusamehe sisi tuliowavika wenzetu majina ya miiba. Uwarudishie heshima wale tuliowavunjia, na utupe ujasiri wa kusema ukweli pale tulipochekesha watu. Ung'oe ndani yetu mbegu inayofanana na wema isiyo wema. Utupandikize kwako, mzabibu wa kweli, ili siku ya mavuno Baba akute kwetu tunda. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.*

Mama Maria, kimbilio la wakosefu, utuombee.